Kipeo cha Sufuri

Neno lililomchoma Mwalimu Alio halikutoka kwa adui. Lilitoka kwa Deka, bintiye wa pekee, mwanafunzi wa kidato cha pili, naye alilisema bila ubaya wowote, ameinamia daftari lake mkekani baada ya swala ya alasiri.

Alio alikuwa anapita nyuma yake, akatupa jicho. Deka alikuwa anarahisisha hesabu ya vipeo: x⁷ igawanywe kwa x⁴. Kazi ya kufumba na kufumbua. Unatoa nne kwenye saba, unapata x³, unaenda zako. Lakini mtoto alikuwa ameandika x saba juu ya mstari na x nne chini yake, na sasa alikuwa anazikata, moja ya juu kwa moja ya chini, polepole kama mtu anayechambua mchele.

“Mbona unajitesa?” Alio aliuliza. “Si nilikufundisha kanuni? Ukigawanya, vipeo vinatolewa. Basi.”

“Ulitufundisha, aabo,” Deka alimjibu baba yake bila kuinua kichwa. “Mwalimu Khadro ndiye aliyetuelewesha.”

Alio alitoka nje akasimama uani, akawatazama mbuzi wawili wa jirani wakigombea katoni. Kijiba kilimkaa moyoni siku ile, na hakikutoka.

Ni vizuri ijulikane kwamba Alio hakuwa mtu wa hivihivi pale Tarbaj. Miaka ile walimu wa kutoka bara walipohofia usalama wao, wakafunga virago wakaondoka, shule ya sekondari ya pale ilibaki na walimu watatu. Alio peke yake alibeba hesabu za vidato vyote vinne, asubuhi hadi jioni, koo limekauka, chaki imemla vidole. Watu waliliona hilo. Alitajwa msikitini. Wazee walimpisha njia. Mtoto akitumwa dukani na mwalimu, muuza duka aliuliza, “Ni ya Alio wa hesabu?” akaongeza kitu kidogo juu. Miaka kumi na minane ya ualimu, na hilo ndilo tunda lake: kwamba mtu akisema hesabu, amemtaja yeye.

Kisha wazazi wakakaa, wakasema mwalimu wetu atakufa na kazi, wakamtafutia msaidizi. Wakamleta Khadro.

Khadro alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amemaliza kidato cha nne palepale, hajakanyaga chuo. Alipewa vidato viwili vya chini. Siku alipoingia ofisini kwa walimu, alimsalimu Alio kwa kuinamisha kichwa, akimwita mwalimu kwa Kisomali, “Asalaam aleikum, macallin. Ulinifundisha miaka minne.” Alio aliitikia, akamtazama, akajaribu kumkumbuka. Hakuweza. Hata sauti yake hakuikumbuka.

Mwezi wa kwanza alimhurumia. Mwezi wa pili akaanza kusikia vicheko.

Vilitoka darasa la kidato cha pili, na si vicheko vya utovu wa adabu, maana hivyo Alio alivijua. Hivi vilikuwa vya watu waliofurahi. Siku moja alijifanya anakwenda kwenye tangi la maji, akapita dirishani. Khadro alikuwa amewasimamisha wanafunzi watano upande mmoja na watatu upande wa pili, kila mmoja ameshika kidumu kitupu cha maziwa kilichoandikwa x kwa chaki.

“x⁵ gawanya kwa x³,” alisema. “Usiniambie kanuni. Kanuni haikushuka na mvua, kuna mtu aliihesabu. Tuiandike ndefu. Kaaha, shika mwenzako wa upande wa pili, mtoke nje pamoja.”

Msichana aitwaye Kaaha akamshika mkono mmoja wa wale watatu, wakatoka mlangoni wakicheka. Wakatoka wawili wengine, na wawili tena. Wakabaki wawili wamesimama na vidumu vyao.

“Tumebaki na nini?”

“x mbili zinazozidishana!” darasa likapaza sauti. “x²!”

Na katikati ya sauti hizo Alio aliisikia ya Deka, Deka ambaye darasani kwake hakuwahi kufungua kinywa.

Jaribio la mwisho wa mwezi lilipokuja, Deka, aliyekuwa akipata thelathini na kitu, alipata sitini na nane. Mama yake alipiga vigelegele. Alio alisema “Mashallah,” na midomo yake ikatabasamu. Ndani yake alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani na njaa yake akakuta mwanawe ameshalishwa kwa jirani, amelala, ameshiba.

Basi gere ni kitu kinachojua kuvaa kanzu. Haikumwendea Alio ikasema, “Mimi ni gere.” Ilimwendea ikasema, “Mimi ni sheria.” Ilimwambia kwamba mtu asiye na cheti kusimamishwa mbele ya watoto ni hatari. Ilimwambia kwamba ana wajibu. Jumamosi moja alipanda gari hadi Wajir, akaingia duka la kompyuta, akaandikisha barua kwa ofisi ya elimu. Mwishoni aliweka, “Mzazi mwenye uchungu.” Jina hakuweka.

Na kwa kuwa barua peke yake haikumtosha, aliandaa na swali.

Alikuwa amegundua, kwa kupekua madaftari ya Deka mtoto akiwa kisimani, kwamba Khadro hajafundisha kipeo cha sufuri. Alifundisha kuzidisha, alifundisha kugawanya, alifundisha kipeo juu ya kipeo, lakini ile x⁰ alikuwa anaizunguka kama mtu anavyolizunguka shimo. Haijui, Alio aliwaza, na utamu ulimpanda kooni. Haijui kwa nini ni moja.

Afisa wa elimu alikuja Jumatano, mtu mpole mwenye miwani aitwaye Mustafe. Aliomba kuketi katika kipindi cha Khadro. Mwalimu mkuu Barre, ambaye hakujua habari za barua, alifurahi, akamwambia Alio, kama mkuu wa idara ya hesabu, aende naye. Waliketi nyuma kabisa.

Khadro alikuwa na hofu, chaki ilimdondoka mara mbili. Lakini alipoanza kazi hofu ilimwacha, na Mustafe akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kipindi kilipokaribia kwisha Alio alinyosha mkono.

“Samahani, mwalimu. Watoto wangependa kujua: x kwa kipeo cha sufuri ni ngapi, na kwa nini?”

Deka aligeuka akamtazama baba yake. Khadro alisimama, uso umemwiva. Alio alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu.

“Jibu ninalijua,” Khadro alisema mwishowe. “Ni moja. Kwa nini, sijui. Niliikariri tu.” Akamgeukia Mustafe. “Ndiyo maana sijawafundisha. Sikutaka kuwapa kitu ambacho mimi mwenyewe nimepewa kwa kufumba macho.”

Mustafe aliandika kitu. Alio aliona kalamu ikienda, akasema moyoni, imekwisha.

Lakini Khadro alikuwa bado anautazama ubao. “Ngojeni,” alisema. “Ngojeni kidogo. Sufuri tunaipataje? Tukitoa tatu kwenye tatu. Basi x³ gawanya kwa x³. Tuiandike ndefu.”

Akaandika x tatu juu, x tatu chini. Akakata moja kwa moja, zote tatu.

“Imebaki nini?”

“Hakuna kitu!” alisema mtu wa mbele. “Sufuri!”

“Kweli? Nane gawanya kwa nane ni sufuri?”

“Hapana,” Kaaha alisema. “Ni moja.”

“Mia gawanya kwa mia?”

“Moja!” Sasa walikuwa wengi.

“Kitu chochote kikijigawa chenyewe…” Khadro alisimama katikati ya sentensi, akafunika mdomo kwa mkono wenye chaki. Macho yake yalikuwa yamepanuka kama ya mtoto. “Wallahi ni moja. Kwa kanuni, ni x kwa kipeo cha tatu toa tatu, yaani x⁰. Kwa kuandika ndefu, ni moja. Ni kitu kilekile! Lazima iwe moja!”

Darasa lilipiga makofi. Alio alijisikia akisema, “Na kama x ni sufuri?”

Khadro alifikiri. “Hapo hatuwezi, macallin. Hakuna kugawanya kwa sufuri. Basi tuseme, kwa kila x isiyo sufuri.” Kisha akatabasamu, tabasamu la shukrani kabisa, akasema mbele ya wote, “Ahsante. Bila swali lako nisingelijua hili.”

Kofi lingemwuma kidogo kuliko neno lile. Na liko jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua darasani mle ila yeye na Mola wake: Alio naye hakuwa akijua. Miaka kumi na minane aliwaandikia watoto ubaoni kwamba x⁰ ni moja, akapiga mstari chini yake mara mbili, na hakuna siku aliyojiuliza.

Ofisini, Mustafe alivua miwani akaifuta. “Huyu binti ni mwalimu,” alimwambia Barre. “Lakini nina barua ya malalamiko mkononi, na sheria inajulikana. Asiye na nambari ya usajili haruhusiwi kusimama darasani peke yake. Ningekuwa sina barua, ningeangalia pembeni. Sasa siwezi.”

Khadro aliambiwa saa sita. Alirudi darasani, akafuta ubao hadi ukawa mweusi kabisa, akachukua vidumu vya mama yake, akaenda.

Alio alikuwa ameshinda. Kesho yake aliingia kidato cha pili kurudisha mali yake. Mada ilikuwa kipeo hasi. Aliandika ubaoni kwamba x kwa kipeo cha hasi tatu ni moja juu ya x³. Wakanakili. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenong’ona, kalamu tu zilisikika. Kaaha akanyosha mkono.

“Mwalimu, kwa nini inashuka chini?”

“Ni kanuni.”

“Ndiyo, mwalimu,” Kaaha alisema, akakaa. Hakuwa na kiburi. Alikaa tu, kama mtu aliyegonga mlango akaambiwa wenyewe hawapo.

Alio aliangalia upande wa Deka. Deka aliangalia dawati.

Jioni ile daftari halikufunguliwa mkekani. Wala kesho yake. Ijumaa hiyo Alio alibaki darasani baada ya watoto kwenda, akachukua chaki, akafunga mlango kama mwizi. Aliandika x mbili juu ya mstari, x tano chini yake. Akakata. Juu pakabaki moja, chini zikabaki x tatu. Akatoa tano kwenye mbili: hasi tatu. Alirudi nyuma akauegemea ukuta. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kiasi cha kumtia mtu aibu. Na badala ya kufurahi, alijisikia wivu mpya, mkali kuliko ule wa kwanza: kwamba msichana yule alikuwa amelipata hili akiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa akili yake, bila chuo wala cheti, na yeye alikuwa amelikosa na kila kitu mkononi. Kumfukuza hakukumwondolea kitu. Hakuna barua ya kuandika kumfukuza mtu kichwani.

Kesho yake alimkuta Khadro sokoni, chini ya kibanda cha turubai ambapo mamake, Bi Bishara, aliuza maziwa ya ngamia. Khadro alikuwa anafukiza vidumu kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi.

“Karibu, macallin, njoo kivulini,” mama alisema, akamsogezea kigoda. Kisha, bila kungoja, “Mtoto yangu analia siku tatu. Mimi sijui mambo ya serikali. Nani iko na roho namna hiyo, anaandika barua bila jina?”

Alio alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimtoka. “Mimi,” alisema.

Bi Bishara hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. Khadro alielewa. Aliweka kidumu chini, moshi ukiendelea kukitoka mdomoni.

“Wewe?”

“Mimi, Khadro. Niliandika. Na swali lile nililiuliza ili uaibike. Nilidhani hulijui. Hata mimi nilikuwa silijui.”

Watu walipita, punda mwenye mapipa ya maji akapita. Khadro aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini, na Alio akatamani angepiga kelele.

“Nilikaa darasani kwako miaka minne hukulijua jina langu. Nilikuwa nasema, ipo siku macallin atanijua. Basi. Leo naona umenijua.”

“Nitakuandikia barua nyingine. Nitaiambia ofisi—”

“Barua zako zimetosha.” Alikiinua kidumu tena. “Ile hukuitia jina. Nenda kalitaje jina lako shuleni, mbele ya watu. Mimi sitaki kitu kingine kwako.”

Mamake, ambaye sasa alikuwa ameelewa vizuri, alikivuta kile kigoda kutoka miguuni mwa Alio, taratibu, akakirudisha ndani.

Alilitaja jina lake Jumatatu asubuhi, katika kikao cha walimu. Hakulipamba. Alisema barua ni yake, sababu ni kijicho, na kwamba binti wa watu hakuwa na kosa. Mwalimu wa dini, ambaye kila siku walikunywa naye maji ya kopo moja, aliinuka akatoka nje. Barre alimgeukia.

“Alio,” alisema, “kila Ijumaa nakuombea dua wewe kwa jina. Sasa sijui nikuombee nini.”

Alimvua ukuu wa idara siku hiyohiyo. Lakini Barre alikuwa mtu wa kusoma sheria kwa makini, na neno moja la Mustafe lilikuwa limemganda akilini. Peke yake. Afisa alisema asisimame peke yake. Akampigia simu, wakazungumza, na Mustafe akakubali: binti anaweza kusaidia darasani, mradi mwalimu aliyesajiliwa awe ameketi humo kipindi chote, kuanzia mwanzo hadi kengele. Na mwalimu wa hesabu aliyesajiliwa, shule nzima, alikuwa mmoja tu.

“Utaweza?” Barre aliuliza.

“Nitaketi,” Alio alisema.

Khadro alirudi. Hakumsalimu kwa kuinamisha kichwa tena. Alisema salamu kwa kiasi cha dini, akaendelea na kazi. Na Alio akawa anaketi nyuma, magoti yamegonga dawati, siku tano kwa wiki, akimsikiliza mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu akifanya vizuri kile ambacho yeye alikifanya vibaya. Usidhani wivu ulimwisha. Ulikuwepo kila siku. Kaaha akipata jibu akaruka kwenye kiti, ulimchoma. Deka akinyosha mkono, ulimchoma. Kila siku alijiambia, leo atakosea, na siku moja kweli akakosea.

Ilikuwa mabano. Khadro aliandika (2x³)², akageuka kumjibu mtu, akageukia ubao tena, akaandika 2x⁶. Akaendelea mbele, mstari baada ya mstari, na hesabu nzima sasa ilikuwa inaelekea kubaya. Darasa lilinakili. Hakuna aliyeona.

Alio aliona. Utamu ule wa zamani ulimpanda. Angeweza kunyamaza, kosa likaingia katika madaftari thelathini na saba, likaenda nyumbani, likarudi kwenye mtihani. Angeweza vilevile kusema kwa sauti fulani aliyokuwa nayo, sauti ya miaka kumi na minane, na binti akasinyaa palepale. Zote mbili zilikuwa mkononi mwake, na alizipima, na kuzipima kwenyewe kulimwogopesha.

Alinyosha mkono.

Khadro alimwona, akayakumbuka ya siku ile. “Ndiyo, mwalimu?”

“Mstari wa pili,” Alio alisema. “Ile mbili nayo imo ndani ya mabano. Mimi pia huwa naisahau.”

Khadro aligeuka, akatazama, akacheka kidogo kwa kujishangaa, akafuta kwa kiganja akaandika 4x⁶. “Futeni,” aliwaambia wanafunzi, “andikeni upya. Mbili mara mbili ni nne. Tumeponea hapo.” Kisha, bila kumgeukia, “Ahsante.”

Hawakuwa marafiki. Mei ilipofika Khadro alipata nafasi katika chuo cha ualimu Garissa, na siku ya kuondoka alimuaga kila mwalimu kwa jina, na Alio pia, kwa sauti ileile aliyowaagia wengine. Bi Bishara hakumuuzia maziwa hadi mwaka ulipokwisha.

Alio alirudi kwenye ubao wa kidato cha pili. Alifundisha polepole kuliko zamani, na alipoulizwa kwa nini, alijaribu kujibu. Mara nyingine alisema sijui, nipe hadi kesho. Wachache walicheka darasani kwake, siku moja moja.

Muhula uliofuata Deka alileta sabini na nne.

“Mashallah,” Alio alisema. “Swali la mwisho lilikuwa gumu. Umelipataje?”

Deka alisita. “Nilimpigia Khadro simu wiki iliyopita. Alinieleza.”

Mwiba ukachoma, palepale pa siku zote. Alio aliungoja upite, haukupita. Akampa mtoto karatasi yake.

“Ukimpigia tena,” alisema, “msalimie.”